Nuru ya Uyoga na Ushahidi wa Kamera

Usiku mmoja wa mwezi wa Desemba, mwaka 1839, mtaalamu wa mimea kutoka Uskoti aitwaye George Gardner alikuwa akipita katika njia za mji mdogo wa Natividade, ndani ya bara la Brazili, alipowaona watoto wakichezea kitu kilichotoa nuru. Kwanza alidhani ni kimulimuli mkubwa. Alipokaribia akakuta kuwa ni uyoga, tena uyoga wenye nuru ya kijani hafifu ambayo, ukikusanywa wa kutosha ndani ya chumba chenye giza, humwezesha mtu kusoma. Wenyeji hawakuwa na mshangao wowote. Walikuwa na jina lake tayari, flor de coco, yaani ua la mnazi, kwa kuwa uyoga huo huota juu ya makuti yaozayo ya mti mfupi wa jamii ya minazi. Gardner alipeleka habari zake Uingereza, na mwaka 1840 Mchungaji Miles Berkeley, bingwa wa elimu ya kuvu wa zama hizo, akaupa uyoga huo jina la Agaricus gardneri.

Baada ya hapo wanasayansi hawakuuona tena mpaka mwaka 2005. Walioukuta safari hii hawakuwa wataalamu wa kuvu hata kidogo, bali watafiti wa tabia za kima, Patrícia Izar wa Brazili na Dorothy Fragaszy wa Marekani, waliokuwa katika jimbo la Piauí kwa shughuli zao nyingine. Mwaka 2011 Marina Capelari, Dennis Desjardin, Cassius Stevani na wenzao waliuchunguza upya, wakauhamishia katika jenasi nyingine, na tangu hapo jina lake ni Neonothopanus gardneri.

Yafaa msomaji aitafakari miaka hiyo 165. Uyoga haukuhama. Uliendelea kuota kila masika, watoto waliendelea kuuchuma, na wazee waliendelea kuuita ua la mnazi. Kilichokosekana ni mtu mwenye daftari ambaye angetoka nje usiku, akazima taa yake, na kuwauliza wenyeji wanachokijua. Wataalamu wa kuvu hufanya kazi mchana, na vielelezo vyao hukaushwa na kufungwa katika bahasha. Na uyoga uliokaushwa hautoi nuru. Hivyo sifa iliyo dhahiri kuliko zote kwa mtoto wa Natividade ndiyo sifa ambayo makabati ya majumba ya makumbusho hayawezi kuionyesha.

Leo hali imegeuka kwa namna ambayo Gardner asingeweza kuibashiri. Kamera zenye uwezo wa kunasa nuru hafifu zimo mikononi mwa watu wengi, na picha za uyoga unaong'aa kijani kibichi katikati ya giza zimeenea duniani kote. Zatoka katika misitu ya Brazili, katika kisiwa cha Hachijojima nchini Japani, katika mashamba ya misonobari ya Australia Kusini, na katika misitu ya mashariki ya Marekani. Wako wanasayansi wanaozidharau picha hizo na kuziita pumbao. Dharau hiyo haina msingi. Lakini wako pia wapigapicha wanaodhani kwamba picha nzuri peke yake ni mchango kwa elimu, na dhana hiyo nayo yahitaji kupingwa, maana picha nyingi zinazosambazwa hazimwelezi mtu chochote isipokuwa kwamba mahali fulani, wakati fulani, kitu fulani kiling'aa.

Kabla ya kulijadili jambo hilo, ni vema ieleweke nuru yenyewe hutoka wapi. Mwaka 1667 Robert Boyle aliweka kipande cha gogo bovu lililokuwa likitoa nuru ndani ya chombo cha kioo, kisha akaiondoa hewa kwa pampu. Nuru ikafifia mpaka ikazimika. Hewa iliporudishwa, nuru nayo ikarudi. Boyle hakujua habari za oksijeni, wala hakujua kwamba kilichong'aa katika gogo si mti bali ni nyuzi za kuvu zilizopenya ndani yake, lakini jaribio lake lilikuwa sahihi kabisa. Mnyororo mzima wa kikemia ulikamilika kueleweka katika karne hii, hasa kwa kazi iliyotangazwa mwaka 2018 na kundi la watafiti kutoka nchi kadhaa. Kuvu huanza na asidi ya kafeiki, kemikali ya kawaida katika viumbe vingi. Huigeuza kuwa hispidini. Kimeng'enya kimoja huiongezea hispidini sehemu ya oksijeni. Na kimeng'enya cha mwisho, lusiferasi, huiunguza kwa oksijeni ya hewa. Mwunguzo huo hauzai joto la kuhisika. Nishati hutoka kama nuru ya urefu wa wimbi wa nanomita 520 hadi 530, yaani rangi ya kijani. Zaidi ya aina 100 za kuvu zimekwisha kujulikana kuwa na uwezo huu, na zile zilizochunguzwa kikemia zimeonekana kutumia njia hiyo hiyo moja.

Hapa ndipo penye kiini cha ubishi kuhusu picha. Kemia yasema nuru ni ya kijani, na kamera yasema ni ya kijani. Lakini mtu aliyesimama msituni mbele ya uyoga mwingi wa aina hizi huona weupe wa kijivu tu, kama ukungu wa maziwa. Nani mkweli? Wote wawili. Nyuma ya jicho la binadamu kuna seli za aina mbili. Zile zinazotambua rangi zahitaji mwanga mwingi. Zile zinazofanya kazi gizani zina umbo la vijiti, nazo ni nyepesi sana kuhisi lakini hazitofautishi rangi. Nuru ya uyoga ikiwa kali, kama ilivyo ya ule wa Gardner, seli za rangi huamka na ukijani ukaonekana. Ikiwa hafifu, vijiti hubaki peke yao, na dunia ikawa haina rangi. Kamera haina mgawanyiko huo. Huihesabu nuru kidogo kidogo, sekunde hata sekunde, na kuijumlisha. Mlango wa lenzi ukiachwa wazi kwa nusu dakika, dakika tano au kumi, nuru ambayo jicho liliiona kwa shida hujilimbikiza mpaka ikashinda ile ya taa ya chemli.

Kwa hiyo rangi katika picha ni ya kweli, lakini ukali wake ni wa kutengenezwa. Hakuna ubaya wowote katika kutengeneza huko. Mtaalamu wa nyota naye hufanya hivyo hivyo anapopiga picha ya wingu la gesi lililo mbali, na hakuna anayemwita mwongo. Tofauti ni moja: mtaalamu wa nyota huandika chini ya picha yake kwamba mlango wa lenzi ulikuwa wazi kwa muda gani. Mpigapicha wa uyoga aghalabu haandiki. Matokeo yake ni kwamba mtazamaji huamini kuwa msitu huwaka kama jiji, huenda kuuona, husimama pale kwa dakika tatu akiwa na kurunzi mkononi, huona giza tupu, na hurudi nyumbani akisema alidanganywa. Jambo la kusikitisha ni kwamba huenda uyoga ulikuwapo, ukitoa nuru hatua mbili kutoka mguuni pake.

Hapo zamani za filamu tatizo lilikuwa gumu zaidi. Filamu ikiachwa ipokee nuru hafifu kwa muda mrefu hupungua wepesi wake wa kuhisi, hata dakika kumi zisifanye kazi mara kumi ya dakika moja. Na tabaka zake za rangi hazipungui kwa kiwango kimoja, hivyo rangi nazo hupotoka. Picha ya uyoga ya zama hizo ilihitaji kusomwa kwa hadhari kubwa. Kamera za kisasa zimeondoa sehemu kubwa ya udhaifu huo, ingawa zimeleta wake: kifaa cha kupokelea mwanga kikifanya kazi kwa muda mrefu hupata joto na kuzusha vitone vya uongo vya mwanga, ambavyo huondolewa kwa kupiga picha ya pili ya muda ule ule huku lenzi imefunikwa, kisha kuitoa moja katika nyingine. Anayeruka hatua hiyo aweza kutangaza kwamba ameona nuru mahali ambapo hapana.

Ustadi wenyewe wa kuutafuta uyoga huu si mgumu, ila wadai subira ambayo watu wa mjini wameipoteza. Wakati ni majira ya mvua, siku mbili tatu baada ya mvua nzuri, na usiku usio na mwezi. Watafiti wa Brazili hungojea mwezi mwandamo, kisha huingia msituni na kuzima taa zote, wakijigonga kwenye miti. Jicho lahitaji dakika 20 hadi 30 gizani ndipo likamilishe kuzoea, na mmweko mmoja wa kurunzi nyeupe hulirudisha mwanzo. Taa nyekundu iliyofifishwa haliharibu sana. Kitu hafifu hakitazamwi moja kwa moja, kwa kuwa katikati ya pazia la jicho hamna zile seli za vijiti. Hutazamwa kwa pembeni kidogo. Uyoga utafutwe chini, juu ya magogo, matawi yaliyoanguka, majani yanayooza na visiki. Yafaa mtafutaji aipite njia yake mchana kwanza, ajue mashimo na mizizi ilipo, avae buti ndefu kwa ajili ya nyoka, na asiende peke yake. Kisha kamera iwekwe juu ya stendi ya miguu mitatu, lenzi ilenge kwa msaada wa taa na baadaye isiguswe, tundu la lenzi liwe kubwa kadiri iwezekanavyo, na mlango ufunguliwe kwa waya au kwa saa ya kamera ili mkono usiitikise.

Hayo ni ya mikono. Yaliyo ya akili ndiyo yanayosahauliwa.

Wako wapigapicha wanaoung'oa uyoga na kuupanga upya juu ya gogo lenye kuvumwani za kupendeza. Picha hupendeza kweli. Lakini mti ambao uyoga huulia ni nusu ya habari zake. Kuvu nyingi huchagua mti, au hatua fulani ya kuoza kwa mti, na mtu anayehamisha uyoga amefuta ukurasa ambao hakuna atakayeweza kuuandika tena. Wengine huangaza kurunzi pembeni ili magome yaonekane vizuri nyuma ya uyoga, wasiseme kwamba wamefanya hivyo, na mtazamaji akadhani kuwa magome yameangazwa na uyoga wenyewe. Wengine huunganisha picha kumi na tano kuwa moja. Kila mojawapo ya mambo haya ni halali kwa msanii, na hakuna sababu ya kumnyima msanii uhuru wake. Anayetaka picha yake ihesabiwe kuwa ushahidi ndiye mwenye wajibu wa kusema alichokifanya.

Mfano wa namna ushahidi unavyoweza kuwa mgumu hata kwa wataalamu waliojiandaa vizuri ni swali la faida ya nuru hiyo. Mtu akiona picha ya mbawakawa aliyekaa juu ya uyoga unaong'aa, hujibu upesi kwamba nuru huwavuta wadudu, na wadudu huchukua spora na kuzitawanya. Mwaka 2015 Stevani na wenzake walilipima wazo hilo kwa njia nzuri ya kuigwa. Kwanza walionyesha kwamba nuru ya Neonothopanus gardneri hupanda na kushuka kwa saa ya ndani ya kiumbe, ikifikia kilele usiku kiasi cha saa nne. Kisha walitengeneza uyoga wa bandia kwa utomvu wa akriliki, mwingine wakautia taa ndogo ya kijani na mwingine wakauacha bila taa, wakaupaka gundi na kuuweka msituni. Ule wenye taa ulinasa wadudu wengi zaidi: mbawakawa, nzi, nyigu na sisimizi. Ikaonekana kwamba swali limejibiwa. Lakini mwaka uliofuata, 2016, watafiti wa Australia Kusini walitangaza matokeo ya mitego waliyoiweka penye Omphalotus nidiformis, uyoga ambao hung'aa mchana na usiku bila saa yoyote: hawakuona tofauti baina ya mitego yenye uyoga na ile isiyokuwa nao. Kwao nuru yaweza kuwa moshi tu wa kiwanda, yaani kitu kinachotoka kwa sababu kuvu inafanya kazi nyingine.

Wapo wanaoyasoma matokeo haya mawili kama vita ambayo lazima upande mmoja ushinde. Si lazima. Kuvu ya Brazili huzima taa yake mchana kana kwamba nuru ina gharama na ina kazi; ile ya Australia huiacha ikiwaka saa zote. Yamkini nuru ile ile ina kazi kwa mmoja na haina kazi kwa mwingine. Jambo lililo wazi ni kwamba picha ya mbawakawa mmoja haiwezi kuamua, kwa sababu hakuna aliyepiga picha za uyoga elfu moja ambao haukutembelewa na mdudu. Mpigapicha mwenye subira, hata hivyo, angeweza kusaidia sana: kamera iliyoachwa mahali pamoja usiku kucha, ikipiga kila baada ya robo saa, huonyesha kama nuru ya aina fulani ina saa au haina. Hilo halihitaji maabara.

Sasa, mambo haya yanahusu nini Afrika Mashariki? Yanahusu sana. Kitabu kikuu cha uyoga wa sehemu hii, alichokiandika David Pegler wa bustani ya Kew na kutolewa mwaka 1977, jina lake lenyewe lilikiri kwamba ni orodha ya awali. Mwaka 2003 Marja Härkönen, Tuomo Niemelä na Leonard Mwasumbi walitoa kitabu cha uyoga wa Tanzania, ambacho kina thamani ya pekee kwa kuwa waandishi wake waliwauliza wenyeji majina na matumizi. Hizo ni kazi za kujivunia. Lakini uyoga hukusanywa mchana, hapa kama kwingineko, na kwa hiyo hakuna mtu anayeweza kusema kwamba misitu ya Usambara, Uluguru, Kakamega au Mau haina uyoga wenye nuru kwa sababu tu haukuandikwa katika vitabu. Swali halijaulizwa kwa saa inayostahili.

Tena kuna kuvu moja ambayo wakulima wa nyanda za juu wanaijua kwa hasara zake. Ni Armillaria, inayoozesha mizizi ya chai na ya misonobari nchini Kenya na katika nchi jirani. Katika jenasi hiyo kinachotoa nuru si uyoga wenyewe bali ni nyuzi zilizo ndani ya mti unaooza. Aina zake nyingi zimethibitishwa kuwa na sifa hiyo, na ndizo zilizolifanya gogo la Ulaya lionekane kuwaka. Ndizo pia, kwa mujibu wa historia, zilizotumiwa mwaka 1776 katika chombo cha chini ya maji cha Wamarekani kilichoitwa Turtle, ili nahodha aweze kuisoma dira yake gizani bila mshumaa wa kummalizia hewa. Mkulima wa chai hupambana na kuvu hii kwa kuondoa visiki, na tangu miaka ya 1930 kwa njia iliyobuniwa na R. Leach huko Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi: kabla ya kukata miti ya msitu ili kupanda chai, gome huondolewa kuzunguka shina zima, mti ukatumia akiba yake yote ya wanga iliyo mizizini, na kuvu ikifika isikute chakula. Mwalimu wa sekondari katika wilaya ya chai anaweza kuwapa wanafunzi wake somo zuri sana kwa kipande cha mzizi uliooza, kilichovunjwa upya na chenye unyevu, ndani ya chumba kisichopenya mwanga. Tahadhari mbili zahitajika. Kwanza, mti wenye ugonjwa usihamishwe kutoka shamba moja kwenda jingine, hata kwa ajili ya elimu. Jaribio likiisha, uchomwe moto. Pili, giza si cheti cha afya: mzizi usiotoa nuru unaweza kuwa na ugonjwa ule ule.

Jambo jingine lililo hatarini ni la haki. Jeni za mnyororo ule wa nuru zilichukuliwa katika Neonothopanus nambi, kuvu iliyokusanywa Vietnam. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba wamezipandikiza katika tumbaku, nayo ikang'aa yenyewe maisha yake yote. Na mwaka 2024 ua la petunia lenye jeni hizo lilianza kuuzwa Marekani. Ni kazi ya kisayansi iliyo bora. Lakini Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 iliwekwa kwa sababu mali ya asili ya nchi moja mara nyingi huwa faida ya nchi nyingine, na nchi isiyojua ina nini haiwezi kudai chochote. Uyoga ambao haukusajiliwa nyumbani, usio na kielelezo katika hifadhi ya taifa wala tarehe ya kukusanywa, mbele ya sheria ni kama haukuwako. Picha iliyotumwa ng'ambo kwa ajili ya sifa, pamoja na jina kamili la mahali, yaweza kumfaa mtu asiyekusudiwa kabla haijamfaa mwenye msitu.

Hii ndiyo sababu ya kushauri kwamba mahali halisi paandikwe kwa makini lakini pasitangazwe ovyo. Wilaya yatosha kwa umma. Kijito, mwinuko na mti wenyewe ni habari za hifadhi ya mimea, kama ile ya Afrika Mashariki iliyoko Nairobi katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya, au za idara ya chuo kikuu iliyo karibu. Kuna hata sababu nyepesi zaidi: nyayo. Karibu na Mount Gambier, Australia Kusini, njia moja ndani ya shamba la misonobari ilipopata umaarufu kwa uyoga wake wa usiku, ilibidi iwekewe mpango wa wageni. Huko miti imepandwa na ardhi ni tambarare. Kipande kidogo cha msitu wa asili kwenye mteremko wa mlima hakiwezi kustahimili umati kama huo hata kwa mvua moja.

Ieleweke pia kwamba nuru haisemi lolote kuhusu sufuria. Omphalotus wa Australia hufanana na uyoga mamama, ambao siku hizi hulimwa katika vijiji na miji mingi ya Tanzania. Ndugu yake wa Japani, Omphalotus japonicus, ni miongoni mwa uyoga unaoongoza kwa kuwadhuru watu nchini humo kwa kutapika na kuumwa tumbo. Huo unatoa nuru na una sumu. Lakini uko uyoga wenye sumu ya kuua ambao hautoi nuru hata chembe. Mtu asijaribu kuupima uyoga wa kula kwa kuuweka gizani.

Wako watakaosema kwamba nchi yenye uhaba wa walimu wa sayansi na wa madawa hospitalini haina wakati wa kufuata uyoga usiku. Hoja hiyo ni nzito na haifai kujibiwa kwa kejeli. Lakini gharama inayozungumzwa hapa si ya kuanzisha taasisi mpya. Kamera tayari zipo, zimenunuliwa kwa ajili ya harusi na mahafali. Askari wa misitu na waongozaji wa watalii wanalala karibu na misitu hiyo kila usiku. Na watoto wa vijiji vinavyopakana nayo bila shaka wanajua mambo ambayo hawajaulizwa. Kinachohitajika ni karatasi moja ya maelekezo, iliyoandikwa kwa Kiswahili, itakayosema mambo machache ya lazima: tarehe na saa, mwinuko, mti uliobeba uyoga na hali yake, muda ambao mlango wa lenzi ulikuwa wazi, na kama taa nyingine ilitumika, sehemu gani hasa ilitoa nuru, kofia, mapindo yaliyo chini yake, bua, au gogo, jicho liliona rangi gani kabla ya kamera kuona ya kwake, na jina analolitumia mwenyeji, likiwa limeandikwa kama alivyolitamka. Uyoga mmoja au miwili uchukuliwe kwa idhini ya wenye msitu, upigwe picha mchana pande zote, ukaushwe polepole kwa joto dogo na kutiwa katika bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki ambamo utaoza kabla ya kufika. Uliobaki uachwe mahali pake.

Mvua za masika huanza mwezi wa Machi katika sehemu nyingi za pwani na za milima ya mashariki, na kalenda yoyote ya ukutani huonyesha siku za mwezi mwandamo. Karatasi hiyo ikitangulia kufika katika ofisi za misitu za wilaya kabla ya wakati huo, usiku wa kwanza wa kazi waweza kuwa katika masika yajayo.